Mayai Mawili Chini ya Mti

Katika daftari langu la ndege kuna mstari ambao sijaufuta, ingawa si kweli: "Mayai mawili chini. Upepo. Kiota kimekwisha."

Kiota kilikuwa cha chozi, ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba. Kilining'inia kwenye ncha ya tawi uani kama kifuko, kimefumwa kwa nyasi na kushikizwa kwa utando wa buibui, mlango ubavuni. Nilimwona jike akikijenga, kisha akiatamia, mdomo wake mrefu uliopinda ukichungulia nje. Wakati huo nilikuwa nakaa dirishani dakika 15 kila asubuhi, muda wa chini kabisa wanaotakiwa washiriki wa Great Backyard Bird Count, zoezi la kuhesabu ndege lililoanza 1998. Sikujumlisha kila ndege aliyepita, maana shomoro mmoja anaweza kurudi mara tano. Niliandika idadi kubwa kabisa niliyowaona kwa pamoja. Nilijiona mwangalifu sana.

Asubuhi ile nilikuta mayai mawili yamelala chini ya tawi, moja limepasuka. Usiku kulikuwa na upepo. Nikaandika mstari ule, nikahamishia kiti dirisha la upande wa pili. Sikutaka kumwona yule mama akihangaika kwenye kiota kitupu.

Siku 18 baadaye nilisikia kilio. Si mlio wa chozi, ambao ni mkali na wa kukatikakatika. Hiki kilikuwa kilio kimoja kinachorudiwa bila kupumzika, cha kiumbe mwenye njaa kali. Nikachukua darubini na kurudi kwenye dirisha la zamani.

Juu ya tawi alikaa kinda mnene mwenye michirizi kifuani, mdomo wazi. Mbele yake alitua chozi wangu. Kinda alimzidi kimo na unene, hata nilipoona kichwa cha chozi kikizama ndani ya mdomo ule nilishtuka, nikidhani anamezwa. Akatoka salama, akaruka, akarudi baada ya muda mfupi na mdudu mwingine. Kilio hakikukoma.

Alikuwa kinda la kekeo, ndege anayetaga kwenye viota vya ndege wengine.

Mikono ikitetemeka, nilirudisha kurasa nyuma. Siku 13 kabla ya mayai kuanguka nilikuwa nimeandika: "Ndege mgeni, mgongo wa shaba unaong'aa kijani, tumbo lenye mistari. Katua karibu na kiota, kaondoka upesi. Jina silijui." Kumbe huyo ndiye aliyekuja kutaga. Yai la kekeo huanguliwa mapema, na kinda lake, likiwa bado uchi na macho yamefumba, huyabeba mayai ya mwenye nyumba mgongoni na kuyasukuma nje moja baada ya jingine. Daftari lilikuwa na kila kitu, na lingeniambia kama nisingeandika neno lile "upepo". Upepo sikuuona ukiangusha yai. Nilikuwa nimelala.

Uchungu ulinipata, nakiri. Nilimwonea huruma yule mama, akichakaa kwa ajili ya mtoto aliyemuulia wanawe. Lakini sikutoka nje kumfukuza kinda. Naye alikuwa na njaa ya kweli, na hakuchagua kutagwa humo.

Nilirekodi sauti yake kwa simu, dakika mbili, dirisha likiwa wazi. Kisha nikafungua ukurasa ule wa zamani na kuandika pembeni kwa kalamu ya rangi nyingine: "Upepo: nilidhani tu, sikuona." Kwenye ukurasa mpya nikaanza na saa. "1:40 asubuhi. Chozi jike 1. Kinda la kekeo 1, nje ya kiota. Kalishwa mara 9 katika dakika 15."

Nilipoinua macho, alikuwa anakuja na mdudu wa kumi.