Portland Place hadi Killin: kuifuata The 39 Steps kwa reli, kwa miguu na kwa gari

Mwanzoni mwa The 39 Steps, filamu ya kijasusi ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1935, Richard Hannay anasimama katika ukumbi wa burudani jijini London na kumtupia swali Mr Memory, bwana aliyehifadhi kichwani habari za kila namna. Swali lenyewe: kutoka Winnipeg hadi Montreal ni umbali gani? Niliisafiri njia ya Hannay nikiwa na swali la aina hiyohiyo. Kati ya tukio moja na jingine Hitchcock aliruka umbali gani, na huko alikoruka kuna nini? Filamu ina dakika 86. Safari yake, ukitaka kuifanya kwa utulivu, ni siku nne.

Waliosoma riwaya ya John Buchan ya mwaka 1915 waiweke kando kwanza. Kitabuni Hannay anapandia treni St Pancras na kuelekea Galloway, kusini-magharibi mwa Scotland. Daraja la reli la Forth, karibu na Edinburgh, halimo, mwanamke anayefungwa pingu pamoja na Hannay hayumo, na ngazi 39 ni ngazi za kweli za kushukia baharini kule Kent. Katika filamu, jina hilo ni la mtandao wa majasusi. Ukiichukua ramani ya kitabu, utafika kwingine kabisa.

Nilianzia stesheni ya Goldhawk Road, magharibi mwa London, kwa sababu ya Lime Grove. Ni mtaa mfupi, dakika chache tu kwa miguu, na hapo ndipo zilipokuwa studio za Gaumont-British ambamo sehemu kubwa ya filamu ilipigwa, milima ya Scotland ikiwemo. BBC ilizinunua mwaka 1949, ikaziacha 1991, kisha zikabomolewa. Leo ni nyumba za kuishi watu, na jina la Gaumont limebaki kwenye kibao cha mtaa. Mbali na hicho hakuna cha kuona, lakini faida ya kuanzia hapa ni ya njia. Laini ya Circle na ya Hammersmith & City zinazopita Goldhawk Road zinakwenda moja kwa moja hadi Great Portland Street, kisha King's Cross. Hubadilishi treni hata mara moja.

Great Portland Street nilishuka, nikatembea dakika tano hadi Portland Place. Ni barabara pana mno kwa London ya kati, na upana huo unaeleza jambo. Hannay akichungulia dirishani usiku anawaona wanaume wawili wakisubiri chini, na hakuna kichochoro cha kuponyokea. Ndani ya nyumba yake, Annabella Smith, jasusi aliyemwomba hifadhi, anakuja kufa na kisu mgongoni, mkononi kashika ramani ya Scotland yenye duara lililochorwa kuzunguka mahali paitwapo Alt-na-Shellach, karibu na Killin. Alfajiri Hannay anamwomba muuza maziwa amwazime koti na kofia. Anamweleza habari za mauaji na majasusi, muuza maziwa haamini hata neno. Anamdanganya kwamba anamkimbia mume wa mwanamke aliyelala naye, na hapo koti linatoka mara moja.

Kisha unakuja mkato ambao wanafunzi wa filamu wanaurudia mpaka leo. Mama msafishaji anaingia, anaiona maiti, anageuka kuitazama kamera na kufumbua kinywa. Tunachosikia ni firimbi ya treni, na treni yenyewe inachomoza kutoka kwenye handaki. Kati ya kinywa kile na firimbi ile, kwa treni za chini ya ardhi, kuna Euston Square halafu King's Cross. Kwa miguu kupitia Euston Road ni nusu saa. Mimi nilitembea, nikashangaa namna nusu saa ya barabara yenye kelele ilivyoweza kumezwa na sauti moja.

Sasa tiketi, maana hapa ndipo wengi huumia. Kutoka King's Cross hadi Edinburgh Waverley ni kilomita 632, na treni za haraka huchukua kama saa nne na nusu. Tiketi nafuu ni zile zinazoitwa Advance, ambazo kwa kawaida hufunguliwa wiki 8 hadi 12 kabla ya siku ya safari. Kila moja imefungwa kwenye treni moja tu, ya saa ileile. Ukichelewa kwa uzembe wako, imekufa, na tiketi ya papo hapo inaweza kuwa bei mara mbili au zaidi. Chagua kiti cha dirishani upande wa kulia kwa anayeelekea kaskazini. Upande huo utaliona kanisa kuu la Durham juu ya mwamba wake, madaraja ya mto Tyne mnapoingia Newcastle, na baada ya hapo bahari, hadi Berwick ambako reli inavuka mto Tweed juu ya matao 28 ya daraja lililofunguliwa mwaka 1850. Aliyekaa kushoto anaona mashamba.

Katika zama za filamu hii, treni ya Flying Scotsman iliondoka King's Cross saa nne asubuhi, na tangu 1932 ratiba yake ya kiangazi ya kwenda bila kusimama ilikuwa saa saba na nusu. Ili madereva wasichoke, wahandisi walitoboa njia nyembamba ndani ya behewa la makaa, na timu ya pili ikapita humo kuja kuishika injini katikati ya safari, treni ikiwa kasini. Mabehewa yalikuwa na vyumba vidogo vya abiria na ujia mrefu wa pembeni. Huo ujia ndio uliompa Hitchcock mbio zake. Polisi, wanaomtafuta kwa mauaji ya Annabella, wanakuja upande mmoja, Hannay anajitosa ndani ya chumba cha Pamela, mwanamke yule wa pingu ambaye bado hamjui, na kumbusu ili afanane na mpenzi wake. Pamela anamtaja kwa polisi bila kusita. Hannay anakimbia hadi behewa la mizigo lenye mbwa, treni inasimamishwa kwa mnyororo wa dharura juu ya daraja la Forth, naye anatoka nje ya mlango na kujificha kwenye mihimili. Treni za leo ni mabehewa ya wazi, viti safu kwa safu, na asiyetaka kuonekana hana pa kwenda ila chooni. Ukitaka kuitazama filamu njiani, ipakue nyumbani, kwa sababu intaneti ya treni haitoshi kubeba picha.

Waverley imezama bondeni kati ya mji wa kale na mji mpya wa Edinburgh. Katika filamu, kabla ya mbio zile, hapa Hannay anaiona sura yake gazetini, gazeti likiwa mikononi mwa abiria mwenzake anayeuza nguo za ndani za kike. Kwa msafiri wa leo ni mahali pa kubadilishia treni, na kosa la kawaida hutokea hapa. Treni nyingi za kwenda Aberdeen zinavuka daraja la Forth bila kusimama kabla wala baada yake. Ukiipanda mojawapo utapita juu ya ulichokuja kukiona na kushushwa ng'ambo, mbali. Angalia kwenye ubao kama majina Dalmeny na North Queensferry yapo. Ni mwendo wa dakika 20 hivi.

Shuka Dalmeny, usisubiri kuvuka. Ndani ya treni daraja halionekani. Linapita kama fito nyekundu dirishani, na kwa kuwa kikomo cha kasi ni kilomita 80 kwa saa na urefu ni karibu kilomita mbili na nusu, umevuka kwa dakika mbili. Kutoka Dalmeny kuna njia ya miguu na ngazi ndefu zinazokushusha hadi ufukweni, kwenye gati la Hawes. Ngazi hizo huwa na utelezi mvua ikinyesha, na huko mvua si habari. Maji yakipwa, gati linaachwa wazi na limejaa mwani. Nenda na viatu vyenye meno. Daraja liko mashariki mwa mji wa South Queensferry, kwa hiyo asubuhi jua linakupiga usoni na picha zinatoka nyeusi. Alasiri jua liko mgongoni kwako na chuma chote kinawaka rangi yake nyekundu.

Hapo gatini nilikaa saa mbili. Daraja lilifunguliwa tarehe 4 Machi 1890. Lina tani 53,000 hivi za chuma cha pua na riveti milioni 6.5. Minara yake mitatu inafika mita 110 juu ya maji, na kila moja ya nafasi kuu mbili kati ya minara ni mita 521. Unene wake una sababu. Mwaka 1879 daraja la mto Tay liliangushwa na dhoruba treni ikiwa juu yake, na waliofuata, John Fowler na Benjamin Baker, walitakiwa kujenga kitu kisichotiliwa shaka na yeyote anayekitazama. Baker alieleza kanuni yake kwa watu watatu: wawili wamekaa vitini wamenyoosha mikono na kushikilia fito, na katikati yao ameketi wa tatu, mhandisi Mjapani Kaichi Watanabe, akining'inia bila kugusa chini. Miguu mikuu ya minara ni mabomba yenye kipenyo cha mita 3.7. Ukiwa chini yake treni ikipita, unasikia kwanza mlio mwembamba, halafu ngurumo inayotembea kutoka mnara hadi mnara. Na macho yakizoea, unaanza kuona kwa nini Hitchcock alipachagua: kila mhimili umekatiza mwingine, kila pembe ina kivuli cha kumtosha mtu mmoja. Daraja la matao ya mawe lisingemficha Hannay hata kwa nukta.

Tukio lenyewe leo lisingewezekana, na inafaa kujua sababu. Mwaka 1935 abiria akivuta mnyororo wa dharura, breki zilianza kushika moja kwa moja, popote treni ilipo. Mlango nao ulifunguka kwa mkono. Treni za sasa milango hufungwa kwa pamoja, na dereva akipata ishara ya dharura anaweza kuizuia breki ili afike mahali salama kwanza. Usiguse mpini huo kwa ajili ya kumbukumbu. Ni kosa la jinai.

Kuvuka ng'ambo nilikwenda kwa miguu juu ya daraja la barabara la mwaka 1964, lililo jirani upande wa magharibi. Ni kama dakika 40. Njia ya waenda kwa miguu ya upande wa mashariki ndiyo yenye mandhari ya daraja la reli, lakini mara nyingine hufungwa kwa matengenezo, na upepo mkali ukivuma daraja hufungwa lote. Kagua asubuhi ileile kabla ya kutoka. Ng'ambo, panda kilima hadi stesheni ya North Queensferry na urudi Edinburgh kwa treni, safari hii ukijua kilichoko chini yako.

Katika filamu Hannay yuko darajani, halafu yuko milimani. Mkato mwingine. Kwa barabara, umbali alioruka ni karibu kilomita 100. Zamani Killin ilikuwa na reli yake, lakini maporomoko ya mawe ya Glen Ogle mwezi Septemba 1965 yaliifunga njia hiyo kwa mara ya mwisho. Siku ya tatu nilikodi gari. Wanaendesha kushoto kama Kenya na Tanzania, kwa hiyo hilo halisumbui. Barabara kuu ya M9 hadi Stirling, toka makutano ya 10, shika A84 kupita Callander hadi Lochearnhead, kisha A85 kupanda Glen Ogle. Kwenye makutano ya Lix Toll pinda kulia uingie A827. Killin iko kilomita 5 mbele. Njia za pembeni zina upana wa gari moja, na vile vibaraza vyenye kibao vya kupishana si maegesho.

Alt-na-Shellach usiitafute, ni jina la kubuni. Ila Killin ipo, na mto Dochart unapasuka juu ya miamba katikati ya kijiji, chini ya daraja jembamba la mawe. Kuanzia Juni hadi Agosti, jioni isiyo na upepo, usubi hutoka kwa maelfu. Ukiwa na wavu wa kichwa na mikono mirefu utakaa. Bila hivyo utakimbilia garini. Anayetaka milima yenyewe iliyopigwa kwa ajili ya filamu aendelee kama kilomita 75 hadi Glen Coe.

Nilikaa juu ya miamba ile nikiwaza mkato ninaoupenda kuliko ule wa firimbi. Profesa Jordan, mkuu wa majasusi, mwenye kidole kidogo kisicho na pingili ya mwisho, anampiga Hannay risasi, Hannay anaanguka. Papo hapo tuko kwa mkulima anayetafuta kitabu chake cha nyimbo za kanisani, na mkewe anakiri kwamba kilikuwa kwenye koti alilompa Hannay alipojificha kwao. Tunasikia kofi. Halafu kicheko, na afisa wa sheria amekishika kitabu chenye risasi ndani. Namna Hannay alivyotoka katika nyumba ile hatuonyeshwi kabisa.

Kurudi London pia hakuonyeshwi. Hannay na Pamela wako hotelini milimani, na punde Pamela yuko Scotland Yard. Mimi ilinibidi kurudisha gari Edinburgh kabla ofisi haijafungwa, na kuiwahi treni ya jioni. Kesho yake nilikwenda Argyll Street, hatua chache kutoka stesheni ya Oxford Circus, ambako ukumbi wa Palladium wa mwaka 1910 bado unafanya kazi. Nunua tiketi ya onyesho lolote lililopo ili uone viti vya pembeni vilivyoinuka karibu na jukwaa. Kutoka kiti cha aina hiyo profesa anamfyatulia Mr Memory risasi, kisha anarukia jukwaani. Nyuma ya pazia Mr Memory, ambaye kichwani majasusi waliificha siri yao, anakariri hesabu za injini ya ndege isiyo na sauti hadi pumzi inamwisha, wacheza dansi wakirusha miguu nyuma yake. Hannay na Pamela wanasimama wametupa mgongo, wanashikana mikono, na pingu bado inaning'inia kwenye kifundo cha mkono wa Hannay.