Tangi la choo linafurika? Inua boya kwanza

Wengi wakisikia maji yanachuruzika usiku kucha hukimbilia kupinda mkono wa boya. Mara nyingine hufaulu, ila kama ugonjwa uko kwenye koki inayoingiza maji tangini, mchezo utarudi baada ya siku chache na mkono utakuwa umepinda kama ndoano.

Ondoa kifuniko cha tangi ukilaze sakafuni, maana kauri haisamehe. Kisha inua boya kwa vidole hadi juu kabisa, usubiri kidogo. Maji yakikatika, koki ni nzima. Angalia boya na kimo chake. Yakiendelea kutiririka, achana na boya, kosa limo ndani ya koki.

Tuanze na boya, ambalo ni rahisi. Lifungue ulitikise karibu na sikio: likicheza maji ndani, limetoboka, weka jingine. Hakikisha pia halikwami kwenye ukuta wa tangi. Likiwa zima, shusha kimo kwa skrubu ya kurekebishia. Penye mkono wa shaba usio na skrubu, ukunje chini taratibu kwa mikono miwili, mmoja ukishikilia upande wa koki ili usiivunje. Maji yasimame sentimita 2 hadi 3 chini ya mdomo wa bomba la kutolea maji ya ziada.

Koki ndiyo yenye mambo. Funga maji, flashi tangi lishuke, kisha ifungue. Aina ya zamani ina pistoni: chomoa pini ya mkono, pistoni itoke, na washa ya mpira utaiona kwenye ncha yake. Ikiwa na alama ya duara iliyozama, imechoka. Ukikosa mpya leo, igeuze upande wa pili, itakusogeza siku kadhaa. Aina mpya hutumia kiwambo cha mpira chini ya kifuniko kidogo. Kumbuka upande uliokuwa ukitazama nje kabla hujakitoa, kwani kikirudi kinyume maji hayafungi.

Maji yakikatwa kisha yakarudi, huja na mchanga na kutu, na chembe moja tu chini ya mpira inatosha kuacha njia. Koki ikiwa wazi, ifunike kwa kikombe na ufungulie maji sekunde chache yasukume uchafu nje. Magamba ya chokaa yaloweke kwenye siki nusu saa. Mwisho pitisha kidole kwenye tundu ambalo mpira hukalia. Ukihisi mkwaruzo, washa mpya haitasaidia; badilisha koki nzima.

Mbona linafurika usiku tu? Mchana watu wengi wanachota, presha iko chini na mpira uliochoka unaimudu. Usiku presha hupanda, mpira unashindwa. Ndivyo ilivyo pia kwa koki ya presha ndogo iliyofungwa kwenye bomba la presha kubwa: tundu lake ni pana, maji yanasukuma kwa nguvu kuliko boya linavyoweza kukaza. Hiyo haina ukarabati, ilikuwa koki isiyo yake.

Ukinunua nyingine, tazama kama bomba linaingia ubavuni au chini ya tangi. Kabla ya kuunganisha, mwaga maji ya bomba kwenye ndoo, la sivyo koki mpya itaanza maisha na mchanga. Washa nene ya mpira hukaa ndani ya tangi, nati nje. Nati ya plastiki ikaze kwa mkono, halafu nusu mzunguko kwa spana, basi, ukizidisha inapasuka. Wakati wa kukaza, shikilia koki kwa ndani isizunguke na kusukuma boya ukutani.

Kama maji hayafiki mdomo wa bomba la ziada lakini bakuli linatiririka, hapo hakuna kufurika. Mpira wa chini ndani ya tangi, unaoziba njia ya kwenda bakulini, ndio unaovuja. Tia matone ya rangi ya chakula tangini, usiflashi kwa dakika 20, uone kama bakuli litapata rangi.