Weupe wa sahani za Rousseau

Ukitazama sahani nyingi za kifahari zilizotengenezwa Ufaransa kabla ya katikati ya karne ya 19, hasa zile za kiwanda cha Sèvres, utaona kwamba mchoraji hakupenda kuacha nafasi. Katikati pana shada la maua au mandhari kamili, ukingoni panazunguka rangi nzito na dhahabu, na lau ungeigawa sahani mara mbili, nusu moja ingeijibu nusu ya pili. Ndiyo maana nilisimama kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia mbele ya sahani ambayo jogoo amewekwa upande mmoja, mdudu mdogo yuko mbali naye, tawi la maua limelala upande wa pili kana kwamba limeangukia hapo kwa bahati, na sehemu yote iliyosalia ni weupe mtupu.

Sahani hiyo ni ya seti ya vyombo vya meza iliyoagizwa mwaka 1866 na Eugène Rousseau, mfanyabiashara wa vyombo vya udongo na vioo mjini Paris. Michoro aliipata kwa Félix Bracquemond, fundi wa kuchonga picha za kuchapwa, na utengenezaji ukafanywa na kiwanda cha Creil na Montereau. Mwaka uliofuata seti hiyo ikaonyeshwa katika Maonyesho ya Dunia ya Paris, ambako Japani yenyewe ilikuwa imeleta bidhaa zake. Iliwavutia watu mara moja, na ikaendelea kutengenezwa kwa miongo kadhaa.

Kuhusu Bracquemond kuna kisa kinachosimuliwa kila mahali. Inasemekana kwamba mwaka 1856, katika karakana ya mchapaji Auguste Delâtre, alikiona kijitabu cha michoro ya Hokusai, mchoraji maarufu wa Kijapani, kilichokuwa kimetumiwa kushindilia vyombo vya kauri visivunjike safarini. Kisa ni kitamu, na mimi hushuku visa vitamu. Ufaransa ilitia saini mkataba wa biashara na Japani mwaka 1858 tu, ingawa ni kweli kwamba Waholanzi walikuwa wakifanya biashara Nagasaki tangu zamani na vitabu vya Kijapani vilikuwa vimekwisha kuingia Ulaya kupitia kwao. Iwe alikipata kwa njia hiyo au nyingine, michoro yenyewe inamshuhudia: ndege, samaki, kamba wa baharini, wadudu na maua ya Bracquemond yametolewa katika vitabu vya Hokusai na katika picha za Hiroshige, Mjapani mwenzake, mara nyingi bila kubadilishwa sana.

Wapo wanaouita huo wizi. Nami nakiri kwamba ukiweka kitabu kando ya sahani, unaona mkono wa Hokusai wazi kabisa, ilhali nyuma ya sahani limepigwa jina la Rousseau na la kiwanda, na la Hokusai halimo. Hata hivyo ni vizuri kukumbuka kwamba vitabu hivyo vya Hokusai, vilivyoanza kuchapishwa mwaka 1814 na kufikia juzuu 15, vilikusudiwa kuwa vielelezo kwa wanafunzi wa uchoraji: wavifungue, waige, wajifunze jinsi shingo ya ndege inavyopinda. Bracquemond alivitumia kama vilivyotakiwa kutumiwa, ingawa Hokusai, aliyefariki mwaka 1849, hakumwona mwanafunzi huyu.

Tena kuiga kulikuwa nusu tu ya kazi. Bracquemond alichonga maumbo yake mengi pamoja juu ya mabamba ya shaba kwa kutumia tindikali, yakachapwa kwenye karatasi, kisha kila umbo likakatwa peke yake kwa mkasi. Mafundi wa kiwandani waliyabandika maumbo hayo juu ya chombo, karatasi ikaungua ndani ya tanuri na kuacha mistari, na mistari hiyo ikajazwa rangi kwa mkono. Kuhamisha chapa kutoka kwenye karatasi hadi kwenye udongo halikuwa jambo geni. Ndivyo zilivyopambwa pia baadhi ya sahani na bakuli za Maastricht, mji wa Uholanzi, ambazo baadaye katika karne hiyo zilifika kwa wingi Zanzibar na Lamu. Lakini viwanda vilitumia mbinu hiyo ili sahani mia zifanane. Hapa ilitumika kinyume chake, kwa kuwa umbo lililokatwa peke yake linaweza kuwekwa popote. Kwa kawaida walichagua maumbo matatu, kubwa, la wastani na dogo, wakayapanga bila kutafuta ulinganifu, na mpangilio wa sahani moja haukulazimika kufanana na wa jirani yake.

Nadhani hapo ndipo somo la Kijapani lilipoeleweka kwa kweli. Kupaka ndege wa Kijapani kwenye chombo cha Kifaransa kungeweza kufanywa na yeyote. Kuuacha weupe ufanye kazi, hata jicho likasafiri kutoka kwa jogoo hadi kwa mdudu na kukutana na hewa katikati, kulihitaji kuacha mazoea ya muda mrefu. Wala si mazoea yote yaliyoachwa. Umbo la sahani lenyewe, lenye ukingo wa mawimbi, ni la Kifaransa la karne ya 18, na limezungushiwa mstari wa buluu kama vyombo vya zamani vya nyumbani. Mgongano huo unanipendeza kuliko vyombo vingi vya baadaye vilivyotaka kuwa vya Kijapani kwa kila kitu, hadi mishikio ikawa mianzi.

Neno la kuutaja mvuto huu, japonisme, lilienezwa na mhakiki Philippe Burty mwaka 1872, wakati jambo lenyewe lilikuwa limekwisha kuenea. Mwaka huohuo kampuni ya vyombo vya kauri ya Haviland ya Limoges ilimpa Bracquemond usimamizi wa karakana yake ya Auteuil, na humo mfinyanzi Ernest Chaplet akaendeleza upakaji wa udongo laini wenye rangi, mzito kama rangi ya mafuta kwenye turubai. Rousseau naye akaagiza seti nyingine kwa mchoraji Henri Lambert, aliyepaka kila sahani kwa mkono.

Kwangu mimi kazi nzuri zaidi ya Bracquemond katika kipindi cha Haviland ni sahani zake za hali ya hewa, zilizotengenezwa katikati ya miaka ya 1870. Humo hakunakili tena kitabuni umbo moja moja. Kilichomo ni mvua, mawingu na ndege walioshikwa na upepo, na anga limepewa nafasi kubwa kuliko kitu chochote kilichomo ndani yake.