Faili Kwanza, Kelele Baadaye

Kijana aliyechukuliwa kitandani saa kumi alfajiri na wanaume wawili waliolipwa na wazazi wake, akapelekwa kituo cha kurekebisha tabia huko Utah au Missouri, siku akitoka hutaka dunia nzima ijue. Ana haki. Ila kesi nyingi za vituo hivi Marekani hufia kwenye karatasi na kalenda, na hasira haisaidii lolote kati ya hayo.

Anza na faili, kabla kituo hakijajua kama kuna wakili. Kwa vituo vinavyobanwa na HIPAA, sheria ya faragha ya afya, ukishafika miaka 18 una haki ya kuomba rekodi zako kwa maandishi. Wana siku 30 za kujibu, na wanaweza kujiongezea 30 nyingine mara moja tu. Usiandike "rekodi za matibabu" ukaishia hapo, utaletewa muhtasari wa kurasa chache. Taja kila kitu: ripoti za matukio, karatasi za alama za tabia za kila siku, orodha ya dawa na saa ulizopewa, daftari la zamu ya usiku. Wakikunyima kipande, dai jibu la maandishi. Hiyo barua wakili ataitumia. Na usichelewe, maana muda wa kutunza faili ukiisha, kulichana ni halali.

Ripoti ya kushikwa na kuzuiwa kwa nguvu na wafanyakazi ndiyo yenye nyama. Tazama saa waliyoanza, saa waliyokuachia, majina ya walioshika, na sababu. Sababu ikiwa "alikataa maagizo", umepata kitu: kwenye vituo vya magonjwa ya akili vya watoto vinavyolipwa na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kumshika mtoto kama adhabu ni marufuku, inaruhusiwa kwa dharura ya usalama tu. Amri moja ya kumshika haizidi saa 2 kwa mtoto wa miaka 9 hadi 17, na ndani ya saa 1 lazima mtaalamu amwone mtoto ana kwa ana. Nafasi ya mtaalamu huyo ikiwa tupu, piga picha ukurasa huo.

Kwenye kalenda ndipo wengi wanapoumia. Wanasikia jimbo fulani limeongeza muda wa kushtaki, wanatulia, kumbe nyongeza ile ni ya unyanyasaji wa kingono. California, kwa mfano, ilisogeza madai ya aina hiyo hadi umri wa miaka 40. Kupigwa, kufungiwa peke yako au kunyimwa chakula huwa na muda mfupi zaidi, mara nyingi miaka michache tu baada ya kutimiza 18. Kama ulilazimishwa kufanya kazi, sheria ya shirikisho dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu inakupa miaka 10 tangu ulipofika 18. Nayo sheria iliyosainiwa Desemba 2024, ile Paris Hilton, mtu mashuhuri wa Marekani, aliyoipigania, imeagiza uchunguzi wa kitaifa. Haikumpa mtu mlango mpya wa kushtaki.

Vituo hubadilisha majina kama mtu anavyobadilisha shati. Tafuta kwenye daftari la kampuni la jimbo nani alikimiliki kituo chako mwaka ule uliokuwemo, kisha omba ofisi ya leseni ripoti za ukaguzi za miaka hiyo. Utah ni pazuri kwa hili, kwa sababu tangu sheria yake ya 2021 vituo hukaguliwa mara nne kwa mwaka.

Mkataba aliousaini mzazi nao usomwe. Kifungu cha usuluhishi wa faragha kinaweza kukutoa mahakamani, ingawa tangu Machi 2022 hakimlazimishi aliyenyanyaswa kingono.

Mzazi ambaye mtoto wake bado yumo ndani asingoje haya yote. Kila jimbo lina shirika la kutetea haki za watu wenye ulemavu, wakiwemo wenye matatizo ya akili, na sheria inaliruhusu kuingia vituoni kuchunguza. Lipigie. Na mtoto akipiga simu, usimuulize "wanakutesa?" huku mfanyakazi amekaa pembeni yake. Muulize jana usiku alilala chumba gani, amekula nini, lini mara ya mwisho alitoka nje. Andika majibu, na saa aliyopiga.