Amri zilikuwa sahihi, simu ikazikataa

Wiki nzima injini yangu ilikuwa inapita majaribio yote kwenye kompyuta. Siku niliyoipeleka kwenye simu yenyewe ikaanguka na SIGILL, yaani prosesa imekutana na amri isiyoijua. Nikairudia, ikapita. Mara ya tatu ikapita tena. Ya nne ikaanguka. Hitilafu za namna hii humfanya mtu aishuku akili yake kabla ya kuushuku msimbo wake.

Ninachojenga ni injini ndogo ya JavaScript ya kupachika ndani ya programu za Android. Ina JIT ya kawaida tu: fankisheni ikiitwa mara nyingi, injini inaacha kuifasiri baitikodi moja moja, inaandika amri za prosesa kwenye kumbukumbu, kisha inarukia hapo na kuzitekeleza. Programu nyingine ya C++ unaikompaili kwa aina nne za prosesa za Android, armeabi-v7a, arm64-v8a, x86 na x86_64, kazi imekwisha, kwa sababu mambo ya prosesa anayajua aliyeandika kompaila. Injini yenye JIT ni kompaila inayosafiri ndani ya APK, faili la kusakinishia programu. Aliyeiandika ni mimi, na ya prosesa nilikuwa siyajui kama nilivyodhani.

Nikaisimamisha kwa dibaga, programu ya kuchunguzia hitilafu, palepale ilipoangukia, nikasoma kumbukumbu. Amri zote zipo, baiti nne nne, kama nilivyokusudia. Nikazilinganisha na mwongozo wa ARM, aina ya prosesa iliyomo kwenye simu, biti kwa biti: sawa. Prosesa inalalamika amri haramu, na mimi naiona amri halali pale pale inapolalamikia. Nilipoteza siku mbili nikilikagua lile lisilo na kosa.

Kumbe mimi na prosesa tulikuwa hatusomi mahali pamoja. Prosesa ina kashe, kumbukumbu ndogo za haraka zilizo ndani yake. Ukiandika amri mpya, zinapita kwenye kashe ya data. Prosesa inapozitekeleza, inazichukua kupitia kashe ya amri. Dibaga ilinionyesha upande wa data. Upande wa pili bado kulikuwa na mabaki ya kilichokuwepo kwenye anwani zile hapo awali. Kwenye x86, prosesa za kompyuta nyingi, maunzi yenyewe yanahakikisha pande hizi mbili zinakubaliana, ndiyo maana watu wengi tuliokulia huko hatujawahi kulifikiria jambo hili. ARM haikufanyii hivyo. Ni lazima uiambie, na kuiambia kwenyewe ni mstari mmoja:

__builtin___clear_cache(mwanzo, mwisho);

Nilikuwa sijauandika. Na QEMU, programu ya kuigiza prosesa niliyoitegemea kujaribu upande wa ARM kwenye kompyuta, haikunidai, kwa kuwa haiigizi kashe hizo. Ikiona ukurasa wenye amri umeandikwa upya inautafsiri tena, basi. Simu nayo ilikuwa inapita au kuanguka kutegemea kama mabaki yale yalikuwa bado hayajafukuzwa kwenye kashe.

Hata mstari huo una historia yake. Kuna chipu za simu zilizotoka zikiwa na viini vikubwa vyenye mistari ya kashe (vipande ambavyo kashe imegawanywa) ya baiti 128 na viini vidogo vya baiti 64. Msimbo wa kusafisha ukipima urefu wa mstari mara moja ukiwa kwenye kiini kikubwa, kisha mfumo ukauhamishia kwenye kidogo, unaruka mstari mmoja kila baada ya mmoja. Nusu safi, nusu chafu. Nilipoisoma habari hiyo nilijiona mwenye bahati.

Hitilafu iliyofuata ilikuwa ya adabu zaidi: hakuna kuanguka, jibu tu ndilo si lile. Katika JavaScript, 4294967301 | 0 ni 5, kwa sababu kinachobaki ni biti 32 za chini. Amri ya x86 ya kugeuza desimali kuwa namba kamili ya biti 32, ikizidiwa, inarudisha -2147483648. Ya ARM inakwama kwenye kikomo na kurudisha 2147483647. Prosesa mbili, majibu mawili, yote si 5. Upande wa x86 nilikuwa nimeshaweka kinga: ukiona -2147483648, nenda njia ndefu, ya kukokotoa biti hizo bila amri hiyo. Nikainakili kinga hiyo kwenye ARM bila kuwaza, ikawa inalinda mlango usiopitwa na mtu. ARMv8.3 iliongeza amri mahususi kwa ajili ya hesabu hii, FJCVTZS, na J iliyomo ni ya JavaScript. Waunda prosesa wameitengenezea lugha ya kurasa za wavuti amri yake! Ila simu za zamani hazina, kwa hiyo njia ndefu inabaki, na ni lazima uulize kwanza kabla ya kuitumia.

Kurasa za kumbukumbu nitazigusa tu: kama umeandika 4096 kama ukubwa wa ukurasa kwa baiti mahali popote kwenye msimbo wa mprotect, mwito wa kubadili ruhusa za kurasa, iondoe, uulize mfumo. Kuanzia Android 15 kuna vifaa vya kurasa za KB 16. Mimi nilikuwa nimeiandika mara tano. Na iOS sijihangaishi nayo, maana programu za kawaida huko haziruhusiwi JIT. Fasiri peke yake inatosha.

Nimebakiwa na v7a, yaani ARM ya biti 32. Jana usiku ilianguka kwenye amri ya kwanza kabisa, kila mara, nami nikafurahi, maana inayoanguka kila mara inashikika. JIT yangu huko inatoa amri za Thumb-2, seti ya amri fupi zaidi ya ile ya kawaida ya ARM, na ukiruka kwa amri ya BLX, prosesa inaangalia biti ya mwisho ya anwani: 1 ni Thumb, 0 ni ARM. Anwani yangu iliishia na 0, kwa hiyo ilisoma Thumb kana kwamba ni ARM. Nikaongeza 1 kwenye pointa. Majaribio 212 yamepita, 3 bado, na yote matatu ni ya desimali.