Dagaa ni Nini?

Mwaka 2012 nilikuwa nafundisha gumbaru, yaani darasa la watu wazima la kusoma na kuandika, Kisumu, karibu na ufuo wa Dunga, alasiri baada ya akina mama kutoka sokoni. Mmoja wao, mzee kuliko wote, tulimwita Dana, yaani nyanya kwa Kijaluo. Alikuwa fahari yangu. Kwa miezi mitano alikuwa ameshika silabi zote, hata za sh na z ambazo hazimo katika lugha yake.

Siku hiyo alisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari: "Mama ameanika dagaa juani." Hakukosea hata herufi. Nikampongeza. Akaniangalia.

"Mwalimu, dagaa ni nini?"

Mikono yake ilikuwa bado inanuka omena aliyoianika asubuhi ile ile. Na omena ndiyo dagaa! Lakini huku kwetu hata tukizungumza Kiswahili tunasema omena, kwa hiyo neno la kitabu halikuwahi kupita masikioni mwake. Alilitamka vizuri, likabaki mlio tu.

Usiku ule sikulala vizuri. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, na mtu anaweza kumaliza ukurasa mzima bila kuelewa, mwalimu naye asitambue. Miaka baadaye nilikutana na maelezo ya watafiti wa usomaji Philip Gough na William Tunmer ya mwaka 1986: kusoma ni uwezo wa kutambua maandishi ukizidishwa na uwezo wa kuelewa lugha kwa kusikia. Ni kuzidisha, si kujumlisha. Upande mmoja ukiwa sufuri, jibu ni sufuri. Nilimkumbuka Dana papo hapo.

Kesho yake niliwaambia wafunge vitabu, tuzungumze omena kwa Kiswahili, hata cha kubabaisha. Lo, walivyozungumza! Taa za wavuvi usiku, mbalamwezi inavyoharibu kazi, bei ya gorogoro, ule mkebe wa kupimia. Nami nikawa napenyeza maneno: dagaa, wavu, anika, kauka. Kisha tukafungua ukurasa uleule.

Dana alisoma polepole kuliko jana. Alipofika "Jioni dagaa walikuwa wamekauka," kidole kikasimama.

"Mwalimu, na mvua ikinyesha? Hizo hazikauki. Hizo unauzia watu wa kuku."

Mwenzake wa nyuma akabisha: kitabu kimesema juani, mvua ameitoa wapi? Arudi juu asome tena.

Dana akarudisha kidole kwenye mstari wa kwanza, akaanza upya.