Siku moja na mafumbo ya ovataimu

Saa 11:15 alfajiri. Nabandika chai, na kabla haijachemka fumbo la leo liko kwenye daftari la maandalio. Kidato cha Pili, milinganyo. Mfanyakazi analipwa shilingi 2,000 kwa saa. Saa zinazozidi 45 kwa wiki hulipwa mara moja na nusu. Wiki iliyopita alipokea shilingi 114,000. Alifanya kazi saa ngapi?

Nafuta sentensi ya mwisho. "Alifanya kazi saa ngapi" inaweza kujibiwa "saa mbili asubuhi", na mtoto atakayejibu hivyo hajakosea Kiswahili chake. Mtaani watu wameshatatua tatizo hili kwa kusema "masaa mangapi", ingawa wasanifu wa lugha hawalipendi neno hilo. Naandika: "kwa jumla ya saa ngapi".

Kisha naligeuza fumbo zima kwa Kiingereza, maana sekondari ndiyo lugha ya somo na ya mtihani. Hapo ndipo ugumu unapoanzia. Kiingereza cha malipo haya, "time and a half", ukikitafsiri neno kwa neno unapata "muda na nusu". Mwaka jana msichana mmoja hodari aliongeza nusu saa kwenye kila siku ya kazi, akakokotoa bila kosa hata moja mpaka mwisho, akakosa swali. Hesabu aliiweza. Sentensi ndiyo iliyomwangusha.

Saa 12:20. Bodaboda mpaka shuleni. Morogoro ina ukungu, milima ya Uluguru haionekani kabisa.

Saa 2:40 asubuhi, kipindi cha mfululizo, dakika 80. Nawaacha wahangaike dakika kumi huku nikipita katikati ya madawati. Majibu mawili yanatawala: 57 na 38. Wa 57 wamegawa 114,000 kwa 2,000, kana kwamba ovataimu haipo. Wa 38 wamegawa kwa 3,000, kana kwamba kila saa ni ya ovataimu. Namsimamisha kijana wa 38.

"Huyu mfanyakazi alivuka saa 45?"

"Ndiyo, madam, amelipwa ovataimu."

"Na wewe umepata alifanya saa ngapi kwa jumla?"

Akaangalia daftari, akaangalia ubao, akakaa mwenyewe bila kuambiwa. Nampenda mwanafunzi anayekaa hivyo. Ameona jibu lake linapingana na swali, na kuona huko ni nusu ya hisabati.

Nachora mstari ubaoni, naweka alama kwenye 45. Kushoto kwa alama kila saa ni shilingi 2,000, kulia ni 3,000. Upande wa kushoto umejaa wote: 45 mara 2,000, yaani 90,000. Zimebaki 24,000, nazo ni za kulia tu. Tukisema x ni jumla ya saa, za kulia ni x − 45. Kwa hiyo 3,000(x − 45) = 24,000, na x ni 53. Mabano hayo ndiyo roho ya fumbo. Mwanafunzi akielewa kwa nini kuna 45 ndani ya mabano, sina tena la kumfundisha kuhusu ovataimu.

Mchana unaisha kwa kusahihisha, wali maharage, na kikao cha idara.

Saa 12:30 jioni. Kihonda, chumba cha kupanga chenye ubao mmoja. Hawa ni watu wazima wanaojiandaa kwa mtihani wa Kidato cha Nne kama watahiniwa wa kujitegemea, na wengi wametoka moja kwa moja kwenye shifti. Jioni naanza na saa yenyewe, kwa sababu saa yetu ya Kiswahili inarahisisha kazi. Ukiingia saa 1 asubuhi na kutoka saa 12 jioni, 12 toa 1 ni 11. Ukihesabu kwa saa ya Kizungu unatoa 7 kwenye 6, unapata hasi moja. Kwenye zile 11 toa saa moja ya mapumziko, zinabaki 10. Tisa ni za kawaida, moja ni ya ziada.

Leo mama mmoja anayekaa mbele amekuja na hati yake ya mshahara ya Agosti. Mshahara wa msingi ni shilingi 390,000, ovataimu 52,000. Na ana kijidaftari alichoandika kila siku saa alizozidisha: 18 siku za kawaida, 8 siku ya Nane Nane, ambayo ni sikukuu.

"Mwalimu, hii ni sawa au si sawa?"

Tunaanza na malipo ya saa moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 kupata wa wiki, halafu kwa saa za kawaida za wiki, ambazo kwake ni 45. Kijana wa nyuma anauliza kwa nini si 4. Kwa sababu mwaka una wiki 52 na miezi 12, na 52 ukigawa kwa 12 haiwi 4. Jibu linakuja karibu kabisa na shilingi 2,000.

Sheria hiyohiyo inataka saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu, na saa ya sikukuu mara mbili. Basi 18 mara 3,000 ni 54,000, na 8 mara 4,000 ni 32,000. Jumla 86,000. Hati inasema 52,000.

Chumba kimenyamaza. Nawaomba watafute kiwango kilichotumika, tukiite k: 26 × 2,000 × k = 52,000. K ni 1. Saa zake zote, pamoja na za sikukuu, zimelipwa kama saa za kawaida. Pengo ni shilingi 34,000.

Nilipandwa na hasira, na sikuificha. Mama yeye alikuwa mtulivu kuliko mimi. Ananakili kila mstari kwa mwandiko wake, maana kesho anampelekea mwakilishi wa chama cha wafanyakazi na anataka aweze kueleza mwenyewe, asiseme tu kwamba mwalimu kasema.

Saa 2:45 usiku wenzake wanafunga madaftari. Yeye anatoa karatasi nyingine kwenye mkoba.

"Mwalimu, hii ni ya Julai. Kuna Saba Saba humu. Naomba niifanye peke yangu."

Nampa chaki. Anachora mstari, anaweka alama kwenye 45.